Mwongozo wa Kujenga Maktaba ya Kidijitali ya Vitabu vya Farasi na Upandaji Wake

Vitabu vya farasi ni miongoni mwa vitabu vya kazi vya kale zaidi ambavyo wanadamu wamerithishana. Maandishi ya Kikkuli, mfunzaji wa farasi kutoka ufalme wa kale wa Mitanni, yaliandikwa kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa Hattusa katika nchi ya Uturuki ya leo, nayo yanaeleza siku baada ya siku jinsi ya kulisha, kunywesha na kukimbiza farasi wa magari ya vita zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Baada yake alikuja Xenophon wa Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, wakafuata waandishi wa Baghdad na Kairo wa furusiyya, yaani elimu ya Waarabu ya farasi na upandaji, mabwana wa shule za upandaji za Napoli na Paris, na hatimaye madaktari wa mifugo wa karne ya 19 na ya 20. Sehemu kubwa ya hazina hii imekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Hata hivyo imetawanyika, majina ya vitabu vyake yanachanganya, na msomaji anayeifikia peke yake hana wa kumwambia kipi ni elimu inayofaa leo na kipi kimebaki kuwa historia.

Mwongozo huu unakusudiwa chuo cha mifugo, klabu ya wapanda farasi, maktaba ndogo au mtu mmoja mwenye kompyuta na subira. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: kazi kubwa si kupakua faili, bali ni kukieleza kila kitabu kwa uaminifu, kwa kuwa kila ukurasa wa vitabu hivi unamhusu mnyama hai, ambaye mtu atamtia lijamu, atamtibu au atamwadhibu kwa kufuata alichosoma.

Hatua ya kwanza: kuweka mipaka

Amua maktaba ni ya nani kabla ya kuamua itakuwa na vitabu gani. Mwanafunzi wa tiba ya mifugo wa Morogoro, mwalimu wa upandaji wa Nairobi na mtunza punda wa Lamu wana mahitaji yanayogusana lakini hayafanani. Mgawanyo unaofaa kwa mwanzo ni wa sehemu nne: matunzo na tiba, upandaji na ufunzaji, mbio na michezo, kisha historia na fasihi. Wakutubi watatambua kwamba mgawanyo huu unakwenda sambamba na mfumo wa Dewey, ambao huweka ufugaji wa farasi katika namba 636.1 na upandaji na mbio katika 798, na ni vizuri kuandika namba hizo tangu kitabu cha kwanza ili maktaba yako iweze kuunganishwa na nyingine baadaye bila kuanza upya.

Nashauri kwa dhati kwamba punda waingizwe. Katika pwani yetu na sehemu nyingi za bara, mnyama anayebeba mizigo na kuteseka kwa matandiko mabaya ni punda, na maktaba inayomwacha nje itakuwa imewaacha nje wasomaji wake wengi. Vilevile sehemu ya magonjwa isikose maandishi kuhusu ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi wa jenasi ya Culicoides, ambao ni miongoni mwa sababu zilizofanya farasi wawe wachache katika maeneo yetu na ambao mwaka 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000 katika Koloni la Rasi, katika Afrika Kusini ya leo. Machapisho ya kituo cha utafiti cha Onderstepoort nchini Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1908 chini ya Arnold Theiler, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Historia nayo ina mlango wa kwetu. Mwaka 1840 merikebu Sultana, ikiwa chini ya Ahmad bin Na'aman, iliwasili New York kutoka Zanzibar ikiwa imebeba zawadi za Sayyid Said kwa Rais wa Marekani, zikiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Maandishi yanayosimulia safari hiyo yanastahili nafasi, na pia kumbukumbu za Emily Ruete, yaani Sayyida Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ambazo zinaonyesha maisha ya jumba la kifalme la Unguja kwa jicho la mtu aliyekulia humo.

Anza na vitabu 50 hivi. Vitabu 50 vilivyoelezwa vizuri vitamfaa msomaji kuliko faili 2,000 zenye majina yasiyoeleweka.

Hatua ya pili: kuandaa orodha kabla ya kupakua chochote

Usianze na kisanduku cha kutafutia. Anza na bibliografia, yaani orodha za vitabu zilizochapishwa, maana kuna watu waliokwisha kufanya kazi hii kwa miaka mingi. F. H. Huth alichapisha London mwaka 1887 orodha yake kubwa ya vitabu vya farasi na upandaji, na Jenerali Mennessier de la Lance alitoa Paris, kati ya mwaka 1915 na 1917, juzuu mbili za bibliografia ya vitabu vya farasi vya Kifaransa zenye maelezo ya kina kuhusu waandishi na matoleo. Zote mbili ni kongwe kiasi cha kupatikana bila malipo. Humo utaona nani aliandika nini, lini, na mara ngapi kilichapishwa tena.

Suala la matoleo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Chukua mfano wa William Cavendish, Mtawala wa Newcastle. Mwaka 1658 alitoa Antwerp kitabu kikubwa cha Kifaransa chenye michoro ya kupendeza ya Abraham van Diepenbeeck. Mwaka 1667 alitoa London kitabu cha Kiingereza ambacho wengi hudhani ni tafsiri ya kile cha kwanza, ilhali ni kitabu kingine kabisa. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha mwaka 1658 ilitoka mwaka 1743, mwandishi akiwa amekufa zamani. Antoine de Pluvinel, aliyemfundisha Mfalme Louis XIII wa Ufaransa kupanda farasi, alifariki mwaka 1620. Kitabu chake kilitoka mwaka 1623 kwa jina moja, kisha mwaka 1625 kikatoka kwa jina jingine na kwa matini iliyorekebishwa. Anayepakua faili bila orodha mkononi ataviweka vitabu hivi chini ya jina moja, na msomaji atanukuu maneno ya kitabu kimoja akidhani ni ya kingine.

Kwa hiyo fungua jedwali na uandike kwa kila kitabu mwandishi, mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa, jina kamili la kitabu, mji, mwaka wa toleo, mfasiri, mchoraji na lugha. Safu ya mwaka wa kufa usiiache wazi, kwa sababu ndiyo utakayoihitaji mara moja katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: hakimiliki

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 ziliweka ulinzi wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hutumia miaka 70. Marekani, kwa vitabu vya zamani vilivyochapishwa huko, kipimo cha kawaida ni miaka 95 tangu kuchapishwa. Kitabu kimoja basi chaweza kuwa huru Dar es Salaam na kuwa bado kinalindwa Vienna. Ikiwa maktaba yako itasomwa ndani ya chuo tu, sheria ya nchi yako ndiyo ya kwanza. Ikiwa itakuwa wazi kwa dunia nzima, fuata kipimo kirefu zaidi, na pale penye shaka waulize wasimamizi wa hakimiliki, yaani COSOTA nchini Tanzania au KECOBO nchini Kenya, kabla ya kuweka kitabu.

Iko mitego miwili ambayo mara nyingi huwanasa wanaokusanya vitabu vya farasi. Wa kwanza ni mfasiri. Xenophon hana hakimiliki, lakini mtu aliyemfasiri juzi anayo. Tafsiri ya Kiingereza ya Morris Morgan ya mwaka 1893 haina tatizo, kwani mfasiri alikufa mwaka 1910, na ndiyo maana inafaa kuchaguliwa badala ya tafsiri mpya hata kama lugha yake ni ya kizamani. Wa pili ni kitabu kinachoendelea kurekebishwa. Mwongozo wa tiba wa Matthew Horace Hayes kwa wenye farasi ulitoka mara ya kwanza mwaka 1877, na umeendelea kuchapishwa kwa kuandikwa upya na wataalamu wengine hadi zama zetu. Toleo la kale ni la umma. Toleo jipya ni mali ya wenyewe. Jina kwenye jalada halitakuonyesha tofauti, ila mwaka ulio nyuma ya ukurasa wa kichwa utakuonyesha.

Kuna pia vitabu ambavyo wenyewe wamevitoa bure kusomwa, kama mwongozo wa tiba ya punda wa shirika la The Donkey Sanctuary. Kutolewa bure hakumaanishi ruhusa ya kunakili na kukiweka kwako. Weka kiungo kinachompeleka msomaji kwa mwenye kitabu, au andika barua uombe ruhusa. Mashirika ya aina hii huwa na nia ya kusomwa, na barua fupi yenye heshima, inayoeleza maktaba ni ya nani na itatumika vipi, inastahili kuandikwa.

Hatua ya nne: kupata nakala na kuzikagua

Mahali pa kutafuta panajulikana: Internet Archive, Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, HathiTrust, Biodiversity Heritage Library na Project Gutenberg. Gallica ina utajiri mkubwa kwa shule ya Kifaransa, kuanzia Pluvinel hadi François Robichon de la Guérinière, ambaye kitabu chake cha mwaka 1733 kingali msingi wa mafunzo ya shule ya upandaji ya Vienna. HathiTrust hufungua au hufunga kitabu kulingana na nchi alipo msomaji, hivyo usishangae ukinyimwa kile ambacho rafiki yako aliye Marekani anakisoma.

Ukaguzi ndio unaotofautisha maktaba na lundo la faili. Vitabu vya kale vya upandaji vina michoro mikubwa ya bamba la shaba iliyokunjwa ndani ya kitabu, na watu waliopiga picha kwa haraka mara nyingi waliipiga ikiwa imekunjwa vivyo hivyo, kwa hiyo utaona mgongo wa karatasi na nusu ya kwato badala ya farasi mzima. Katika vitabu hivi mchoro ndio somo lenyewe: namna mkono unavyoshika hatamu, mguu ulivyo kwenye kikuku cha tandiko, au bega la farasi linavyoingia ndani ya mstari wa mwendo, ni mambo ambayo matini peke yake haiyaelezi yakatosha. Fungua kila faili ukurasa kwa ukurasa, hesabu michoro na uilinganishe na idadi iliyotajwa na bibliografia. Ikiwa nakala ya kwanza ina upungufu, tafuta ya pili kutoka maktaba nyingine. Ukikosa nakala kamili, chukua iliyo bora na uandike wazi kwenye maelezo yake ni michoro ipi haipo.

Hatua ya tano: kupiga picha vitabu ambavyo hakuna mwingine anavyo

Hapa ndipo maktaba ya Afrika ya Mashariki inapoweza kuipa dunia kitu kipya. Vijitabu vya ushauri vya idara za mifugo, ratiba za mbio, kanuni za vilabu, daftari za mazizi na miongozo iliyochapwa kwa taipu na kudurufiwa vimo katika makabati ya watu, vikiliwa na mchwa na unyevu, na hakuna Gallica itakayokuja kuviokoa. Ukivipata, omba ruhusa ya mwenye kuvimiliki na ya mwandishi au warithi wake, kisha uanze navyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa matini ya kawaida piga kwa nukta 300 kwa kila inchi; kwa herufi ndogo tumia 400, na kwa michoro ya mistari myembamba 600. Hifadhi picha ya asili katika muundo wa TIFF bila kuibana, na kutoka humo tengeneza nakala nyepesi ya PDF kwa ajili ya wasomaji. Usilazimishe kitabu cha zamani kulala wazi juu ya kioo cha skana, maana mgongo wake utavunjika. Kiweke kwenye egemeo lenye umbo la herufi V na ukipige kwa kamera iliyofungwa juu yake, mwanga ukitoka pande mbili ili kurasa zisiwe na kivuli. Simu nzuri iliyofungwa imara yaweza kutosha kwa vijitabu, mradi kila ukurasa uonekane pamoja na kingo zake zote nne.

Baada ya picha fuata utambuzi wa maandishi. Programu huria ya Tesseract inasoma Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine nyingi, na inakuwezesha kutafuta neno ndani ya kitabu. Itakosea katika vitabu vya kabla ya mwaka 1800, ambavyo vina s ndefu inayofanana na f, na katika herufi za Kijerumani za kizamani inahitaji data yake maalumu. Sahihisha angalau ukurasa wa kichwa, yaliyomo na maelezo ya michoro kwa mkono.

Hatua ya sita: katalogi

Tumia vipengele 15 vya Dublin Core, kanuni ya kueleza vitabu na faili (mwandishi, jina, tarehe na kadhalika), kwa kuwa vinaeleweka na karibu kila programu ya maktaba. Majina ya faili yawe mafupi na ya mpangilio mmoja, kwa mfano gueriniere-1733-fr.pdf, bila nafasi wala alama za ajabu. Maneno ya kutafutia yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya kitabu kwa pamoja, ili anayetafuta kwato, lijamu, hatamu, tandiko, telki au shoti afike hata kwenye kitabu cha Kifaransa ambacho hakina neno hata moja la Kiswahili. Chagua neno moja kwa kila jambo na ulishike. Ukiandika tandiko hapa na kiti cha farasi kule, utakuwa umemficha msomaji nusu ya vitabu.

Kisha andika muhtasari wa maneno 100 hadi 150 kwa kila kitabu, na hii ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote. Eleza kitabu kinafundisha nini, kinamlenga nani, kina nguvu wapi, na kama ushauri wake unafaa kufuatwa leo. Federico Grisone, ambaye kitabu chake kilitoka Napoli mwaka 1550 na kusomwa Ulaya nzima, alishauri adhabu za kikatili kwa farasi mkaidi. Vitabu vya tiba vya karne ya 17 na ya 18 vinaagiza kutoa damu, kuchoma kwa chuma cha moto na kunywesha dawa zenye zebaki na antimoni. Vitabu hivi visifichwe, kwa sababu bila kuvisoma hatuelewi kwa nini akina Guérinière waligeukia upole. Lakini kijana anayehangaika usiku na farasi mwenye msokoto wa tumbo, akitafuta dawa kwa simu, asiangukie kwenye ukurasa wa aina hiyo bila onyo. Weka alama mbili zinazoonekana kabla kitabu hakijafunguliwa: moja inayosema kitabu ni cha historia na tiba zake zisitumike, na nyingine inayosema kimepitiwa na daktari wa mifugo wa sasa. Ya pili usiiweke kwa kukisia. Tafuta daktari akubali kusoma na jina lake liandikwe kwa idhini yake.

Hatua ya saba: programu na ufikishaji

Kwa mtu mmoja au klabu ndogo, Calibre, programu ya kupanga vitabu vya kidijitali, inatosha, na ina seva yake ndogo inayowawezesha waliomo kwenye mtandao wa jengo moja kusoma kwa simu zao. Kwa chuo kinachotaka tovuti yenye maonyesho ya michoro, Omeka ni rahisi kuendesha. Greenstone, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Waikato nchini New Zealand, iliandaliwa kwa kushirikiana na UNESCO, na uwezo wake wa kuweka mkusanyo mzima kwenye diski ili usomwe bila intaneti unaifaa sana shule iliyo mbali na mji.

Fikiria vifurushi vya intaneti vya wasomaji wako. Faili ya megabaiti 200 ni kitabu kilichofungwa kwa mwanafunzi anayenunua data kwa siku. Toa nakala ya pili iliyobanwa, na vitabu vikubwa uvigawe kwa sura, michoro ikiwa peke yake.

Hatua ya nane: kuhifadhi na kutunza

Weka nakala tatu za kila kitu, juu ya vifaa vya aina mbili, moja ikiwa katika jengo jingine au mji mwingine. Kwa kila faili tengeneza alama ya uthibitisho ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo, uihifadhi kwenye jedwali, na uihakiki mara mbili kwa mwaka ili ugundue faili iliyoharibika wakati bado una nakala nzima ya kuirudishia. Nakala ya kudumu ya PDF iwe ya muundo wa PDF/A, ambao ni PDF ya kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Teua watu wawili, si mmoja, wanaojua nywila na mahali diski zilipo.

Kila tarehe 1 Januari lirudie jedwali lako na uangalie safu ya mwaka wa kufa, kwa kuwa siku hiyo waandishi wapya huingia katika miliki ya umma. Alois Podhajsky, aliyeongoza shule ya Vienna katika Vita Kuu ya Pili na baada yake, alifariki mwaka 1973. Katika nchi za kipimo cha miaka 50, maandishi yake ya Kijerumani yalikuwa huru kuanzia mwanzo wa mwaka 2024, huku Austria yakisubiri hadi mwanzo wa mwaka 2044, na tafsiri zake zikiendelea kulindwa kwa hesabu ya uhai wa wafasiri. Andika tarehe kama hizo kwenye safu ya pekee, kitabu kwa kitabu, ili atakayeshika kazi baada yako ajue ni kipi cha kuongeza na mwaka gani.